Mama wa Gusii Amekopeshwa Vya Kutosha. Sasa Andikeni Jina Lake

Kila programu mpya ya kukopesha akina mama ikizinduliwa Kisii au Nyamira, hotuba ni ile ile. Mgeni rasmi anasimama, anasema mwanamke wa huku alikuwa ameachwa nje ya mfumo wa fedha, na leo mfumo umemfikia. Watu wanapiga makofi, hundi kubwa ya kadibodi inapigwa picha, soda zinagawanywa, kila mtu anaenda kwake.

Mimi nina shida na hiyo "ameachwa nje." Nimesoma historia ya hapa kwetu. Si darasani, maana chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipolemea nyumbani, lakini kwa vitabu vya kuazima na kwa kukaa na wazee. Na ninachoona ni kwamba mama wa Gusii hajawahi kuwa nje. Yuko ndani ya huo mfumo zaidi ya miaka mia moja. Yuko ndani kama nguvu ya kazi, kama mlipaji, na kama mdhamini wa deni la mwenzake. Mlango ambao hajafunguliwa ni mmoja tu: umiliki. Jina lake haliandikwi.

Hii ni ndefu, kwa hivyo kama uko na chai karibu, mimina. Nataka tutembee pole pole kutoka kodi ya nyumba mpaka Hustler Fund, halafu uniambie kama nimekosea.

Walipokuja, walihesabu nyumba

Kabla ya Mzungu, boma la Omogusii mwenye wake wengi halikuwa mfuko mmoja. Kila mke alikuwa na nyumba yake, ghala lake na mashamba yake ya kulima. Mume alikuwa na shamba lake kando, lililoitwa emonga. Binti wa nyumba fulani akiolewa, ng'ombe wa mahari walikuwa wa nyumba ile, ili kaka zake wa mama mmoja nao waoe. Mzee akichukua ng'ombe wa nyumba ya kwanza akamwolea mwanawe wa nyumba ya pili, hilo lilikuwa deni, na lilikumbukwa.

Sitaki kupamba. Mwanamke hakumiliki ardhi. Alilima kwa sababu ameolewa na mahari imelipwa, na uzito wake ulitokana na watoto wake, hasa wavulana. Lakini alikuwa na kitu ambacho leo tungekiita dhamana: hakuna mtu angeamka asubuhi auze shamba analolima, kwa sababu ardhi haikuwa bidhaa ya kuuzwa.

Halafu Waingereza wakaja. Kuna msafara wa kijeshi wa 1905, na kuna ule wa 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa wa kikoloni aliyeitwa Northcote. Sote tunamkumbuka Moraa, yule mama nabii ambaye inasemwa ndiye aliyemtia Otenyo moyo. Tunachosahau ni bili iliyofuata. Nyumba zilichomwa na maelfu ya ng'ombe wakaswagwa. Ng'ombe wale hawakuwa maziwa peke yake. Walikuwa akiba ya kila nyumba, mahari ya kila kijana. Ukichukua ng'ombe wa Gusii wakati ule, umefunga benki ya watu.

Kisha ikaja kodi ya nyumba. Iangalie vizuri hii kodi, kwa sababu ndiyo "programu" ya kwanza ya serikali ya fedha kumgusa mwanamke wa huku. Haikuhesabu watu, ilihesabu nyumba. Mzee mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, kwa hivyo alilipa mara tatu. Yaani mara ya kwanza serikali ilipomwona mama wa Gusii kwenye kitabu cha hesabu, ilimwona kama paa. Jina lililoandikwa lilikuwa la mume.

Ili kodi ipatikane, wanaume walienda kutafuta kazi ya mshahara, wengi wao baadaye kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Jembe likabaki kwa nani? Unajua jibu.

Kahawa, pareto, chai: mikono ya mama, akaunti ya baba

Kwa muda mrefu Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kupanda kahawa ya arabika. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ililegeza kamba kidogo, na Kisii ikawa kati ya sehemu za kwanza kuruhusiwa, pamoja na Meru na Embu. Vyama vya ushirika vikafuata. Ukiwa mwanachama, ulikuwa na namba, kahawa yako ilipimwa kwa jina lako, na malipo yalikuja kwa jina lako. Mwanachama alikuwa mwenye shamba. Mwenye shamba alikuwa mwanamume.

Pareto nayo ikashika kwenye miinuko ya baridi. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa muuzaji mkubwa wa pareto duniani, na Gusii ilikuwa moja ya ghala zake. Kuchuma yale maua ni kazi ya vidole, moja moja, na vidole vilikuwa vya wanawake na watoto. Bodi ya Pareto ilipokuja kuyumba na kukaa na pesa za wakulima, kuna vizazi vya akina mama walioumia ambao majina yao hayakuwa hata kwenye orodha ya wanaodai.

Chai nayo. Mamlaka ya mazao maalum iliundwa 1960, ikawa KTDA mwaka 1964. Leo ukitoka Keroka ukielekea Nyansiongo, ukapita Kebirigo mpaka Sanganyi, ni kijani mpaka macho yachoke. Nenda kituo cha kununua majani asubuhi. Hesabu waliobeba vikapu mgongoni. Halafu uliza namba inayosomwa kwenye mizani ni ya nani. Kuna boma nyingi ambapo mama anachuma mwaka mzima, na bonasi ikija anaisikia kwa majirani. Anaona mzee amenyoa, amevaa koti, anashuka Keroka. Mengine ni ya Mungu.

Nikisema hivi kuna kaka zangu watakasirika, waseme si wanaume wote. Ni kweli, si wote. Lakini mimi siongelei tabia ya mtu, naongelea karatasi. Mume mwema akifa, karatasi inabaki vile vile. Na hapo ndipo mashemeji huanza kukumbuka mipaka.

Karatasi yenyewe

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa Swynnerton: pima ardhi, andikisha, mpe mtu hati, halafu hati hiyo imwezeshe kukopa. Wazo lilikuwa kwamba hati ndiyo ufunguo wa benki. Baada ya uhuru kazi iliendelea, na sehemu kubwa ya Gusii ikapimwa. Swali la nani aandikwe lilijibiwa bila mjadala: kichwa cha nyumba.

Hapa ndipo historia yetu ilikata kona. Zamani mwanamke hakumiliki, lakini mume naye hakuwa na uwezo wa kuuza. Sasa mume amepata uwezo wa kuuza na kuweka rehani, na mwanamke amebaki pale pale. Ile haki ya kulima aliyokuwa nayo kwa sababu ya ndoa haikuandikwa popote.

Halafu mahari yenyewe ikaanza kuchelewa. Mtafiti Thomas Håkansson aliandika kitabu mwaka 1988 kuhusu mahari, wanawake na ardhi katika Gusii. Alieleza jinsi wasichana wengi walivyokuwa wakiingia kwenye ndoa za kukaa tu, bila mahari. Katika jamii ambayo mahari ndiyo ilimpa mwanamke shamba la kulima, kutolipiwa mahari kulimaanisha akiachwa hana kwao wala kwa mume. Huyo ndiye mwanamke ambaye mashirika leo yanamwita "aliye hatarini." Hakuzaliwa hatarini. Aliwekwa hapo na mambo mawili yaliyokutana: mila iliyovunjika katikati na sheria iliyomruka.

Na ardhi yenyewe imekwisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu limegawanywa mpaka linafanana na ukanda wa mshipi. Kila mtu anapobanwa, anayesukumwa nje kwanza ni yule asiye na karatasi.

Nisikwepe jambo linalotuaibisha. Mei 2008 huku Gusii watu 11, wengi wao akina mama wazee, walichomwa wakiitwa wachawi. Oktoba 2021 kule Marani, wazee wanne wanawake waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Watetezi wa haki wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya kelele za uchawi kuna mizozo ya ardhi na urithi. Angalia tu ni nani husingiziwa: mjane, mzee, anayeishi peke yake kwenye kipande ambacho mtu anakitamani. Ukiniuliza uwezeshaji wa mwanamke aliye hatarini unaanza wapi, nitakuambia unaanza na yeye kubaki hai kwenye shamba lake. Kuku wa kienyeji watakuja baadaye.

Egesangio ilikuwa chama kabla ya chama

Sasa tuje kwa vikundi, kwa sababu hapa ndipo mama zetu walijifanyia wenyewe bila kungoja mtu.

Wazee watakuambia kuhusu egesangio. Wanawake wachache wanapatana: leo tunalima kwa Kemunto, kesho kwa Kerubo, keshokutwa kwa Nyaboke. Kila mmoja anapata nguvu ya watu watano kwa siku moja, na analipa kwa siku zake nne. Hakuna karani, hakuna riba. Ukikosa kufika bila sababu, kila mtu anajua. Ukitoa jembe ukaweka shilingi, umepata merigo. Ukipanua merigo ukaweka sanduku lenye kufuli na kuanza kukopeshana, umepata tebo banking. Watu wa mashirika walipokuja na karatasi kubwa za kuchora wakifundisha "nguvu ya kikundi," walikuwa wanamfundisha magokoro kitu alichokizaa yeye.

Baada ya uhuru vikundi vilishamiri kote nchini. Maendeleo ya Wanawake ilikuwepo tangu 1952. Kuna vikundi vilivyoanza na kununuliana mabati, vingine sufuria na vikombe. Hebu fikiria mabati kwa jicho la fedha. Mama alikuwa anahamisha akiba yake kwenda kwenye kitu kisichoweza kunyweka kwenye baa. Huo ni ujanja wa kifedha kuliko nusu ya mafunzo niliyowahi kuona hotelini.

Mwaka 1981 wanawake wasomi wa Kenya walianzisha Kenya Women Finance Trust, kwa sababu benki zilikuwa zikiuliza mwanamke swali moja: hati iko wapi? Hakuwa nayo, basi kwaheri. Kule Bangladesh, Muhammad Yunus alikuwa ameanza kukopesha maskini wa kijijini mwaka 1976, na mwaka 1983 Grameen ikawa benki kamili. Mfumo wake ulikuwa rahisi: kama hana hati, mpe mkopo ndani ya kikundi, wenzake wawe dhamana. K-Rep, iliyoanza 1984, nayo ikachukua njia ya vikundi hapa Kenya. Kenya Women chini ya Jennifer Riria, aliyeshika usukani 1991, ikafanya hivyo hivyo na ikakua mpaka vijijini.

Tuwape haki yao. Kuna watu wamesoma kwa hiyo mikopo. Kuna duka na cherehani na ng'ombe wa gredi vilivyotoka huko. Kabla yao hakuna mtu aliyefikiri mwanamke wa kijijini anaweza kuaminiwa na elfu kumi, na wakathibitisha kwamba analipa kuliko tajiri.

Lakini angalia kilichotendeka kimya kimya. Shida ilikuwa hana hati. Suluhisho halikuwa kumpatia hati. Suluhisho lilikuwa kuweka rafiki zake mahali pa hati. Urafiki ukawa rehani.

Sufuria za jirani

Nimekua nikiona hii kitu kwa karibu. Mama yangu amekuwa kwenye chama tangu nikumbuke, na muhula mmoja wa chuo nililipiwa na zamu yake ya merigo. Hiyo ni chama yao wenyewe, inakutana Jumapili baada ya kanisa, na mtu akifiwa, deni linasimama mpaka matanga yaishe.

Jirani yetu alikuwa kwenye kikundi cha aina nyingine, cha kampuni fulani ya mikopo ambayo sitaitaja. Marejesho kila wiki. Mtoto wake akalazwa, wiki mbili zikapita bila kulipa. Afisa wa mikopo hakuja na dalali. Alikuja na wanakikundi. Wanawake aliokuwa anachota nao maji ndio walioingia jikoni wakatoa sufuria, magodoro na redio, kwa sababu wasipofanya hivyo wangelipa wao. Mmoja alikuwa analia akibeba. Deni lilikuja kulipwa. Wale wanawake mpaka leo hawasalimiani.

Kwenye ripoti, hicho kikundi kimelipa asilimia mia. Ndugu zetu wa Tanzania wamepatia mikopo ya aina hii jina, wanaiita kausha damu. Sijawahi kusikia jina linalofaa zaidi.

Serikali nayo ikajaribu

Mwaka 2007 Women Enterprise Fund ikaanza, mkopo bila riba, ada tu ya asilimia 5. Mwaka 2013 ikaja Uwezo Fund kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Novemba 2022 ikaja Hustler Fund, kuanzia shilingi 500 mpaka 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, siku 14 za kulipa.

Mkopo bila riba ni mzuri, sina neno. Lakini siku 14 ni biashara gani? Mboga za managu kutoka mbegu mpaka soko zinataka wiki kadhaa. Kuku wa kienyeji anataka miezi. Ndizi ndiyo usiseme. Siku 14 zinamfaa mtu anayenunua nyanya jioni akaziuza Daraja Mbili asubuhi. Kwa mama mwenye shamba dogo, huo ni mkopo wa kula, na mkopo wa kula unalipwa na mkopo mwingine.

Katika hizi programu zote, ninayoiheshimu kiasi ni NARIGP, mradi wa serikali na Benki ya Dunia uliofanya kazi kaunti 21, Kisii na Nyamira zikiwemo. Uliweka nafasi maalum kwa vikundi vya watu walio hatarini, na pesa ilikuwa ruzuku kwa kikundi badala ya mkopo. Mradi uliofuata, NAVCDP, ulioanza 2022, unasukuma wakulima kwenye Sacco za wadi. Sacco ni hatua, kwa sababu mwanachama ana hisa, na hisa ni mali. Lakini swali langu linabaki lile la mizani ya chai: namba ni ya nani? Sacco ya wakulima ikiandikisha "mwenye shamba" peke yake, tumerudi 1934.

Wazee wa miaka 70 kwenda juu wana Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mjane hiyo ni sukari, sabuni, unga na dawa ya presha. Ikichelewa miezi mitatu, anakula kwa deni dukani. Na sehemu nyingine anayejua PIN ni mjukuu. Sitaongeza.

Simu ilibadilisha nini

Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa kijijini alikuwa na mahali pa kuweka pesa ambapo si chini ya godoro, si kwenye kopo la unga, na mume hakuoni. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilikuwa imetoa karibu asilimia 2 ya kaya za Kenya kwenye umaskini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walihama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda biashara. Ona vizuri: hiyo ilitokana na kuweka na kutuma pesa.

Kuna utafiti mwingine uliofanywa soko la Bumala, kule Busia. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifungulia wauzaji wadogo akaunti za akiba. Akaunti zenyewe hazikuwa na riba, na ukitoa pesa ulikatwa ada. Ungefikiri hakuna mtu angezitumia. Lakini akina mama wa soko waliotumia, pesa waliyoingiza kwa biashara zao iliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Walihitaji mahali salama pa kuficha pesa yao kutoka kwa kila mkono ulionyooshwa. Hakuna aliyewakopesha hata shilingi.

Kilichokuja baada ya hapo ni mikopo ya simu. M-Shwari mwaka 2012, kisha zile programu za mkopo za dakika moja, kisha Fuliza mwaka 2019. Zile programu zilikuwa zinapigia watu wote kwenye simu yako, mpaka mchungaji, kuwaambia unadaiwa. Ilibidi Benki Kuu ipewe nguvu ya kuwadhibiti, na kanuni zikatoka 2022. Ukiangalia, ni kile kile cha sufuria za jirani. Hawana hati yako, basi wanashika aibu yako.

Sasa nikupe tarakimu ambazo hunisumbua. Uchunguzi wa FinAccess, ambao Benki Kuu na wenzake hufanya, ulionyesha kwamba mwaka 2006 ni asilimia 26.7 ya watu wazima Kenya waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 84.8. Pengo kati ya wanaume na wanawake limepungua sana. Hapo wapiga makofi wana haki ya kupiga.

Lakini uchunguzi huo huo hupima afya ya kifedha pia: je, mtu anamudu siku kwa siku, anaweza kuhimili dharura, anaweza kuwekeza kwa kesho? Mwaka 2016 waliokuwa na afya hiyo walikuwa asilimia 39.4. Mwaka 2021 walishuka mpaka 17.1. Mwaka 2024 walikuwa 18.3. Najua korona ilipita hapo katikati na bei za vitu zikapanda. Hata hivyo, tumeingiza karibu kila mtu ndani ya nyumba, na wengi wa waliomo ndani ni wagonjwa.

Kwa hivyo nataka nini?

Sisemi mikopo ikomeshwe. Anayesema hivyo hajawahi kuona mama akikimbia usiku kutafuta pesa ya hospitali. Ninasema tuache kupima programu kwa idadi ya waliokopeshwa. Tupime kwa kitu kimoja: mkopo ukiisha, ni nini kimebaki kwa jina lake?

Sheria kwa kweli zimeanza kukubali. Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia kwenye ardhi. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima kama mchango. Kumbuka lakini, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kuolewa peke yake hakukupi nusu ya mali, mchango lazima uthibitishwe. Na utathibitisha aje miaka 20 ya kuchuma majani kama kila risiti ina jina la mtu mwingine? Kenya Land Alliance ilichunguza hati zilizotolewa kati ya 2013 na 2017, ikakuta zilizoenda kwa wanawake ni asilimia 10.3. Sheria ya 2017 inaruhusu mali inayohamishika, kama mifugo na mazao, iwe dhamana ya mkopo. Nzuri, lakini ng'ombe huyo naye lazima ajulikane ni wa nani.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayoomba, na hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Wazee na wanaume wa Gusii, gawanyeni namba. Kama una vichaka 2,000 vya chai, mama awe na namba yake kiwandani, na bonasi yake. Najua boma chache zilizofanya hivyo, na hakuna mbingu iliyoanguka. Kwa Sacco, muandikishe kama mwanachama kamili mwenye hisa na kura, badala ya "mrithi" tu kwenye fomu.

Viongozi wa kaunti zetu mbili, programu yoyote mnayozindua, wekeni meza ya ardhi pale pale. Mjane asaidiwe kufungua mirathi ya mumewe. Hapo ndipo maelfu wamekwama, shamba bado liko kwa jina la baba mkwe aliyekufa zamani. Mkopo wa elfu ishirini kwa mjane ambaye shemeji anaweza kumfukuza Jumatatu ni pesa ya kusafiria.

Wakopeshaji, deni la mtu libaki la mtu. Mtoto akilazwa, wiki zisimame, kama vile chama ya Jumapili inavyofanya. Akina mama wasiosoma vitabu vya benki wamelijua hili tangu egesangio.

Na nyinyi rika langu, mnaopenda kuniambia wanawake siku hizi wamependelewa sana: rudi nyumbani wikendi, mwombe mama akuonyeshe karatasi zake. Hati ya shamba. Namba ya chai. Kadi ya Sacco. Kitabu cha benki. Angalia ngapi zina jina lake.

Kama ni kitambulisho na laini ya simu peke yake, basi usiniambie amewezeshwa. Amekopeshwa tu.